Mikono Juu, Pilau Mezani

Juzi, katika hoteli ya chai hapa Garissa, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa ametoka Nairobi aliulizwa na wenzake ameona nini huko. Kwa kuwa mimi nilikuwa mgeni, akajibu kwa Kiswahili.

"Nimeona simba, nimeona majumba marefu. Lakini tamu zaidi ni hoteli moja karibu na stesheni. Pilau ya mbuzi, wallahi, mafuta inafika hapa," akasema akigusa kiwiko. "Nakula, mtu ya khaki anaingia. Mimi naacha nyama, nasimama, mikono juu."

"Alikuwa askari?"

"Kondakta ya basi! Amekuja kula. Watu yote wananicheka."

Nasi tukacheka, mimi nikipiga meza. Tangu vita vya serikali na waasi vianze huku, khaki ya askari ikitokea hapa watu huinua mikono kabla hawajaambiwa.

Mara mlangoni akasimama mtu wa khaki. Kicheko kikakatika, mikono ikapanda hoteli nzima.

Alikuwa tarishi wa posta, ameleta barua.

Nilitaka kumcheka mwenye hoteli, aliyeinua mikono pamoja na birika. Ndipo nikaona mikono yangu nayo iko juu. Nami nilikuwa na siku nne tu tangu nifike Garissa.