Chini ya Ungo Wake

Jumamosi, katika duka la viungo hapa Kampala ninakosoma, bibi mmoja wa Malindi ya Unguja alinunua robo ratili ya karafuu. Kabla hazijafungwa, akazimwaga mezani na kuanza kuchambua makonyo, vile vijiti vya vikonyo.

"Bi, unanunua au unafanya kazi?" aliuliza mwenye duka.

"Mimi nimeacha kazi. Mikono haijaacha."

Shoga yake aliyekuja naye, aliyerudi kutoka Unguja juzi, alininong'oneza kwamba ghala walilokuwa wakichambulia karafuu limefungwa. Bibi hakuyasikia; akageuka.

"Shoga, ungo wangu ungali umetundikwa ukutani? Chini yake amekaa nani?"

Kwetu Unguja mchambuzi hutundika ungo juu ya mahali pake jamvini, na hakuna athubutuye kukaa chini ya ungo wa mwenziwe.

Shoga alivuta buibui lake hadi kidevuni. "Ungalipo. Hajakaa mtu."

"Nlijua! Wenzangu wana adabu. Basi kitanda changu cha hapa nnakiuza, nnarudi kwetu."

Akafunga karafuu zake, makonyo akamwachia mwenye duka.

Tangu siku ile ninalipima jibu la yule shoga. Sijaona neno la uongo ndani yake, na kitanda kinauzwa.