Mama Randa Aisemea Kampuni

Mtaani walimwita Mama Randa, maana tangu usichana wake mikono yake haikukosa vumbi la mbao. Yeye na mdogo wake wa kiume walikuwa na karakana ya samani, nao waliiandikisha kuwa kampuni ili wapate kazi za shule na ofisi. Wakurugenzi ni wao wawili, mafundi wao, wafagiaji wao.

Nyumba ya nyuma akahamia nesi wa zamu za usiku. Kila akijitupa kitandani asubuhi, mashine ya kuranda inaanza kunguruma ukutani kwake. Alipokuja kulalamika, mdogo mtu akamjibu ovyo. Nesi akaishtaki kampuni.

Siku ya kesi Mama Randa akasimama.

"Wewe ni wakili?" hakimu akauliza.

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ndiye mwenye kampuni."

"Kisheria kampuni ni mtu mwingine. Huwezi kuisemea. Lete wakili."

"Mtu mwingine yupi, mheshimiwa? Mbona sijawahi kumwona akishika msumeno?"

Watu wakaangua kicheko. Hata hakimu aliinama kuficha tabasamu, lakini kesi akaiahirisha vilevile. Mama Randa alirudi kanywea. Ada ya wakili ilimzidi kimo, na kilichomkera zaidi ni kusemwa yupo palepale, asiruhusiwe kufungua kinywa.

Kabla kesi haijarudi, kanuni ikabadilishwa: kampuni ndogo, kwa kesi ndogo, ingeweza kusemewa na mkurugenzi wake. Karani wa mahakama ndiye aliyempigia simu kumweleza.

"Dada, nenda wewe," mdogo wake akasema. "Mimi nikifungua mdomo tutafungwa."

Akaenda. Alijikaza kisabuni. Alikuwa amejipanga kusema kwamba karakana ilikuwepo kabla ya nesi kuhamia. Lakini nesi alitangulia kueleza. Alisema anasinzia kazini, na usiku mmoja nusura ampe mgonjwa dawa isiyo yake. Mama Randa akasahau yote aliyojipanga kusema.

"Una la kujibu?" hakimu akauliza.

"Kampuni inasema..." Akamgeukia nesi. "Kampuni inasema mashine ina kelele kweli. Na inaomba radhi kwa maneno ya mkurugenzi mwenzangu. Lakini tukiizima kabisa, mheshimiwa, hatuna kazi."

Nesi alimtazama, kisha akatazama chini.

Hakimu akaamuru mashine ihamishiwe upande wa barabarani, na isiwashwe kabla ya saa nane mchana.

"Kwa hiyo tumeshinda au tumeshindwa?" mdogo wake akauliza aliporudi.

"Sijui," alisema, akivua viatu. "Ila tumesikilizwa."

Asubuhi zikawa za kupiga msasa kwa mkono na kupaka vanishi. Mdogo mtu alinuna siku kadhaa, kisha akaanza kumpigia dada yake soga za mtaani, na dada akagundua kwamba miaka yote ile walikuwa wakifanya kazi bega kwa bega bila kusikiana.