Nusu ya Sahani

Lenzi ya kamera yangu imeota kuvu. Ukiielekeza kwenye mwanga unaiona, nyuzi nyembamba zimetambaa ndani ya kioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Ni hewa ya bahari. Mgeni mmoja wa nyumba ya wageni kule Shela, nilikokuwa mpishi, aliniachia kamera hiyo alipokuwa akirudi kwao, nami nikaifungia kabatini na nguo zangu, nikajiona nimeitunza. Sasa naiweka ndani ya kopo la mchele, unyonye unyevu, lakini kuvu ikishaingia haitoki. Na ile pete ya kuzungusha ili picha itulie imeingia mchanga wa Shela. Ukiizungusha inasaga.

Pamoja na hayo yote, napiga picha. Napiga makaburi. Wifi zangu husema nina wazimu, mwanamke mzima na buibui lake kuchutama makaburini na kamera. Waseme. Mimi nayapenda makaburi ya kale ya visiwa vyetu, yale yaliyojengwa kwa mawe na chokaa, kisha wenyewe wakabandika bakuli na sahani za kaure kwenye chokaa mbichi, maiti wao wapendeze. Nyingi zimeshabanduliwa na wezi, yamebaki mashimo ya mviringo. Nikikuta hata kipande kimoja kimesalia, siku yangu imekuwa njema.

Mume wangu ni fundi wa chokaa, mtu wa Pate. Alikuwa na mke kabla yangu, akafariki. Hilo nililijua tangu siku ya posa na sikulijali, kwa ujinga wangu. Nilidhani aliyekufa hana nafasi ndani ya nyumba. Kumbe mke mwenza aliye hai ni afadhali mara mia! Huyo ataunguza wali, atapayuka, atazeeka kama wewe. Yule marehemu wa Pate hajaunguza kitu. Mama mkwe akionja mchuzi wangu hunyamaza kidogo, nami najua ni mchuzi wa nani anaoukumbuka. Mume wangu yeye hakumtaja kabisa, na kimya hicho ndicho kilichonichoma roho. Maneno ningeyajibu. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama mimi ni mke wake au ni mtu wa kuziba pengo, na kumwuliza nikashindwa.

Basi tukaalikwa harusi Pate, ng'ambo ya bahari, harusi ya mpwa wake. Asubuhi wanawake walipokuwa wakichambua mchele wa pilau, nilichukua kamera yangu nikatoroka. Nikapita kwenye mashamba ya tumbaku, nikatokea makaburini. Nikawatolea salamu waliozikwa pale, nikaanza kuzunguka.

Nyuma ya makaburi ya kale niliona kaburi dogo, jipya kuliko mengine, chokaa yake ikiwa bado nyeupe. Kwenye jiwe la kichwani palikuwa na kitu cha buluu. Nikasimama papo hapo, maana siku hizi hakuna anayebandika tena. Nikainua kamera. Weupe wa chokaa ukaingia kwenye ile kuvu, picha nzima ikawa ukungu. Nikazungusha pete, ikasaga, ikagoma. Nikajaribu tena na tena, nikaona doa la buluu tu, nami nikizidisha matusi. Lau lenzi ingekuwa nzima ningepiga picha yangu kwa mbali nikaenda zangu. Ilinibidi nisogee, nikapiga magoti, nikatazama kwa macho yangu.

Ilikuwa nusu ya sahani. Imevunjwa katikati, ina tawi la maua ya buluu lililokatika mahali linapopinda.

Nyumbani kwetu Amu, kwenye kidaka cha ukutani, kuna nusu ya sahani yenye tawi la maua ya buluu. Nilipoingia mle kama bibi harusi nilitaka kuitupa. Mume wangu akasema, "Iwate," yaani niiache, nami nikaiacha, nikidhani ni ukumbusho wa bibi yake mzaa mama. Kila Ijumaa naipangusa vumbi kwa mkono wangu mwenyewe.

Kumbe miaka yote hiyo nalitunza kaburi la mke mwenzangu ndani ya chumba changu! Nikaitazama ile chokaa, nikaujua mkono ulioipaka, kwa namna kingo zilivyolainishwa kwa dole gumba. Nilitamani kuibandua ile sahani kwa kucha zangu. Mguuni mwa kaburi palikuwa na kichaka cha rehani, yale majani ya kunukia, kimestawi vizuri, na hata hicho nilikionea wivu.

Nikasikia hatua. Alikuwa mume wangu, amevaa kanzu ya harusi, ameshika mtungi wa maji. Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeshtuka zaidi.

"Ni ile ya kidakani?" nikamwuliza.

Hakujifanya hajui. "Ndiyo. Naliivunda mwenyewe. Nusu yake, nusu yangu."

"Na mimi, Bwana? Nikifa mimi utanibandikia nini? Kifuniko cha sufuria?"

Hakucheka. Aliweka mtungi chini, akajifuta mikono kwenye kanzu, jambo ambalo siku nyingine lingeniudhi.

"Weye hutakufa mbee yangu," akasema. "Namuomba Mngu kila siku nitangulie mimi. Nimezika mke mara moya. Kukuzika weye siwezi."

Neno kama lile nililisubiri tangu niolewe, na lilikuja kunikuta nimepiga magoti kwa mwanamke mwingine. Machozi yakanitoka. Lakini mwenye wivu hata akilia bado anafikiri. Akitangulia yeye, ataletwa kwao Pate, atalazwa hapa hapa, kando ya sahani yake, na mimi nitabaki Amu na kidaka.

"Kwa hivyo utaniwata," nikamwambia, "uye kwake."

Akatikisa kichwa. "Ndugu zangu nimeshawausia. Nizikwe Amu. Boti za kuya huku ni tabu, na weye bahari yakutapisha. Amu utakuya kwa miguu."

Nikaligeukia lile kaburi, na ikanijia kwamba kumbe mwanamke huyu ndiye atakayebaki peke yake, mwenye nusu ya sahani na mtu wa kumletea maji hana. Wivu ulikuwepo bado, sidanganyi. Nikauchukua mtungi kutoka chini, nikaimwagia rehani ya mke mwenzangu maji yote yaliyokuwemo.