Ungo wa Mama Joel

Kila mwaka, uwele ulipokwisha kupurwa, Restuta alivuka shamba akiwa na ungo kichwani, akaingia uani kwa Loisi, akautua karibu na jiwe la kusagia na kusema kwamba mwaka umefika. Loisi alimjibu kwamba ameuona. Basi, maneno yalikuwa hayo. Uwele ulimiminwa ndani ya debe, nao ungo ulirudi ukiwa na karanga kidogo au kipande cha sabuni, kwa kuwa si adabu kumrudishia mtu chombo chake kikiwa kitupu.

Mpita njia angedhani ni salamu za majirani wawili wa Mkonze. Kumbe ungo ule ndio uliokuwa mkataba wao, na haukuwapo mwingine.

Restuta alifika Mkonze mwaka wa njaa, akitokea Haneti. Alikuwa mjane kijana, amembeba mwanawe Joel mgongoni, na hakuwa na ndugu upande ule. Loisi naye alikuwa akimnyonyesha Meshack. Yeye na mumewe Matonya walikuwa na ekari sita chini ya kilima. Alizungumza na mumewe, wakamkatia yule mgeni ekari moja upande wa korongo, alime apate kula. Hawakumpa, walimwazima. Jambo hilo halikuhitaji kuelezwa, maana kila mtu wa pale alizijua taratibu zake. Mwazimwa hulima kadiri anavyohitaji, na kila mavuno hupeleka ungo mmoja kwa mwenye ardhi ili kukiri kwamba ardhi ina mwenyewe.

Mwenye ardhi naye ana wajibu wake. Mama yake Loisi alikuwa amemfundisha kwamba mtu anayekumbushwa kila siku kuwa amesimama kwenye ardhi ya mwenzake hawezi kulima akashiba. Kwa hiyo hupaswi kutamka "shamba langu" mbele ya uliyemwazima, wala mbele ya watoto, kwa kuwa watoto hawana siri. Loisi aliishika adabu hiyo kama alivyoshika amri za kanisani. Akimtuma Meshack kuni, alimwambia aende shamba la mama Joel. Akimwelekeza mgeni njia, alimwambia apite kando ya shamba la mama Joel.

Siku moja Meshack, akiwa na miaka saba, aligombania kwale na Joel mtegoni, akamwambia mwenzake atoke kwenye shamba lao. Loisi alimsikia. Alimchapa fimbo mbili pale pale, Joel akiangalia, akamwambia kwamba lile ni shamba la mama Joel na asilisahau hilo mpaka anaingia kaburini.

Meshack hakusahau.

Miaka ikapita, Matonya akaugua figo. Waliuza ekari moja, kisha mbili, kisha mbili tena, kwa bei ambayo wakati ule ilionekana ya haki, yaani ng'ombe wachache kwa ekari. Matonya alifariki hata hivyo. Loisi akabaki na kiwanja cha nyumba yake na ile ekari ya korongoni iliyokuwa mikononi mwa rafiki yake. Mahali pa kulima alikodi, mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Haikumjia akilini kuidai ekari ile, kwa sababu Restuta bado alikuwa hai na hakuwa na shamba jingine. Alijiambia tu kwamba haijaenda popote.

Kisha serikali ikahamia Dodoma, na jiji likaanza kuwafuata watu mashambani. Wizara zilikuja na watumishi wake, na watumishi wakaja na familia zao. Chumba cha Chang'ombe, mjini Dodoma, kilichokuwa kikilipiwa mwezi kwa mwezi sasa kilidaiwa kodi ya mwaka mzima, tena kabla mpangaji hajaingiza kitanda. Waliochoka kupanga wakatafuta pa kujenga, wakageukia Mkonze. Madalali walikuja kwa bodaboda, wawili wawili, wakiuliza mwenye eneo hili nani, mwenye eneo lile nani. Zile ekari alizouza Matonya zilikatwa viwanja, na kiwanja kimoja tu kingeweza kununua zizi zima la ng'ombe. Loisi alipita kando ya viwanja hivyo akienda kisimani, asigeuze uso.

Meshack alipata riziki katika mabadiliko hayo. Alijifunza uchomeleaji, akawa anatengeneza mageti ya nyumba mpya. Yeye, mkewe na watoto wao wawili waliishi katika chumba kimoja nyumbani kwa mama yake. Mara nyingi alisema kwamba amewafungia watu wengi mageti ila yeye mwenyewe hana pa kulitia geti. Alisema kwa kutania, na Loisi alicheka naye. Akilini mwake Loisi alikuwa akiliona shamba la korongoni, na siku ambayo atamwambia.

Ndipo ulipofika upimaji. Mkutano wa mtaa uliitishwa, na diwani akawaeleza wananchi kwamba kampuni ya upimaji itapita shamba kwa shamba, kila mtu aoneshe mipaka yake, na kampuni itajilipa kwa kuchukua sehemu ya viwanja. Majina yatabandikwa ofisini kwa siku kumi na nne, mwenye pingamizi alilete. Aliahidi kwamba hakuna atakayedhulumiwa, watu wakapiga makofi.

Wiki hiyo hiyo Loisi alipigiwa simu kwamba dada yake wa Haneti amepata kiharusi. Alifunga nguo zake, akamwagiza Meshack awaoneshe wapimaji mahali pao, akaondoka. Alimuuguza dada yake miezi miwili, akamzika, akakaa matanga mpaka mwisho. Aliporudi, miezi mitatu ilikuwa imepita.

Alishuka barabarani akashika njia yake ya siku zote, ile iliyokata katikati ya shamba la korongoni. Hakufika mbali. Mbele yake palikuwa na ukuta mpya wa matofali wenye geti jeusi, na nyuma ya ukuta mafundi walikuwa wakimwaga zege. Kando yake mawe ya mipaka yalikuwa yamesimama katika mabua ya mwaka uliopita. Loisi aligeuka, akazunguka na begi lake kichwani, akafika nyumbani ana vumbi hadi magotini. Hakuomba hata maji.

"Wale wanaojenga korongoni, wamepewa na nani?"

"Wameuziwa na Joel," Meshack alimjibu. "Vimetoka viwanja vinne. Viwili ameshauza, viwili bado. Mwenye ule ukuta anaitwa Ambokile, mtu wa wizarani, mstaarabu sana. Geti lake nimelichomelea mimi."

"Joel ameuza shamba la nani?"

"La mama yake."

"Nani aliyekwambia ni la mama yake?"

Meshack alimtazama kama anayetazama mgonjwa.

"Wewe, mama."

Alimweleza yote taratibu. Wapimaji walipofika ukingoni mwa korongo walimwuliza lile eneo ni la nani, naye akasema ni la mama Joel. Joel mwenyewe alikuwa amesimama hapo, akaitikia kwa kichwa. Wakaandika. Loisi alikaa kwenye kigoda, akayatazama mapaja ya mwanawe, mahali alipompiga zile fimbo mbili.

Kesho yake alikwenda kwa Restuta. Safari iliyokuwa ya kuvuka shamba sasa ilimchukua karibu saa nzima, kwa kuzunguka kuta. Restuta alipomwona mlangoni alianza kulia kabla hawajasalimiana. Alikiri kwamba jioni ile ile ya upimaji alimwambia Joel kuwa shamba ni la kuazima, lakini Joel alidhani mama yake anaanza kuchanganya mambo. Tangu alipopata akili alikuwa amelisikia shamba hilo likiitwa la mama yake, tena kinywani mwa Loisi. Na sasa alikuwa ameshapokea fedha za viwanja viwili, amelipa mahari ya mkewe, Evelina, na ameanza nyumba Chang'ombe. Restuta alipita mara tatu mbele ya ubao wa ofisi ya mtaa, orodha ikiwa imebandikwa. Simu alikuwa nayo. Hakupiga.

Loisi hakumgombeza. Alimwambia kwamba vilivyouzwa vimekwenda, na kwamba Ambokile hana kosa. Aliomba viwanja viwili vilivyobaki, kimoja Meshack ajenge, kingine yeye mwenyewe apande uwele na karanga mpaka Mungu amwite. Kwa hilo alihitaji kitu kimoja tu: Restuta asimame mbele ya baraza la kata aseme kwamba aliazimwa.

"Nitasema," Restuta alimwahidi. "Mama Meshack, nitasema."

Baraza lilikaa Alhamisi. Mwenyekiti wake, mzee Bartolomayo, alikuwa mtu wa subira. Alimwacha Loisi aeleze kwanza. Loisi alieleza habari ya njaa, ya mumewe na ya ungo, lakini alipofika mahali pa kutamka "shamba langu", Restuta akiwa ameketi mbele yake, alishindwa. Maneno hayo hakuwahi kuyasema mbele ya mwanamke yule. Alisema "lile shamba". Akarudia "lile shamba". Mjumbe mmoja akaandika kitu kwenye daftari.

Joel aliposimama aliamkia kwanza.

"Shikamoo, mama. Mimi nimekula kwako kama ninavyokula kwetu, na siwezi kukukosea heshima. Ila Meshack alichapwa kwa ajili ya shamba hili. Ulimchapa wewe, nikiona kwa macho yangu. Kama lilikuwa lenu, mbona ulimchapa?"

Bartolomayo alimwuliza Meshack kama ni kweli. Meshack alimtazama mama yake, kisha akasema ni kweli.

Sasa ilibaki zamu ya Restuta. Evelina, mwenye ujauzito wa miezi saba, alikuwa ameketi karibu naye mpaka mabega yao yanagusana. Restuta alimtazama Joel. Kusema kweli kulikuwa ni kutangaza mbele ya kata nzima kwamba mwanawe wa pekee ameuza mali ya mtu. Akashusha macho.

"Shamba ni langu," alisema.

Mwenyekiti alimwuliza mara ya pili, akarudia vile vile. Alipoulizwa habari ya ungo, alijibu kwamba ni salamu za jirani tu.

Wajumbe walieleza kwamba kazi yao ni kusuluhisha, na hapa hawakuona pa kusuluhishia. Walimshauri Loisi aende baraza la ardhi la wilaya, akiwa na mashahidi. Mbali na Loisi, watu waliojua kwamba shamba ni la kuazima walikuwa watatu: wawili, Matonya na jirani yao wa zamani, walikuwa makaburini, na wa tatu alikuwa Restuta. Meshack alitaka watafute wakili. Alikuwa amekonda, na kazi ya mageti ya upande wa korongo aliiacha kabisa. Loisi alimwambia aliache jambo hilo. Hangeweza kumsimamisha Restuta mara ya pili asikie tena maneno yale.

Masika yalikuwa mazuri mwaka ule. Loisi hakupata shamba la kukodi, maana kila aliyekuwa akikodisha sasa alikuwa ameuza au anangoja mnunuzi. Ulipofika mwezi wa sita, asubuhi moja, aliona ungo ukija juu ya ukuta wa Ambokile, ukitembea taratibu. Aliyeubeba haonekani. Uliambaa na ukuta mpaka mwisho, ukakata kona, ukapotea, ukaonekana tena mbali upande wa barabara. Ulichukua muda mrefu kufika.

Restuta aliingia uani, akautua karibu na jiwe la kusagia. Alikuwa akihema.

"Mwaka umefika, mama Meshack."

Loisi aliinama akachota konzi moja. Uwele wa korongoni aliujua, punje zake ndogo, za kijivu. Huu ulikuwa na punje kubwa zilizochanganyika rangi, na ndani yake mlikuwa na mchanga. Ulikuwa umenunuliwa sokoni Majengo. Restuta hakuwa na mavuno, na bado hakuweza kuuacha mwaka upite. Kama angekuwa mwongo wa kweli, asingekuja. Hilo ndilo lililomchoma Loisi kuliko yote yaliyosemwa barazani.

"Ungo huu wa nini, mama Joel?" aliuliza kwa upole. "Shamba si lako?"

"Usinifanyie hivyo, mwenzangu."

"Nimesema hivyo tangu watoto wakiwa mgongoni. Shamba la mama Joel. Sijui kuliita vingine."

Akausokota vizuri mtandio wa Restuta, akamwekea kichwani uwe kata ya kubebea mzigo, kama walivyofanyiana walipokuwa vijana wakitoka kisimani. Kisha akauinua ungo kwa mikono miwili, uwele ukiwa bado ndani, akamtwika. Restuta akageuka, akaishika ile njia ya kuzunguka.

Loisi alisimama uani mpaka ungo ulipotokea tena juu ya ukuta, ukapita mbele ya geti alilolichomelea mwanawe, ukashuka upande wa pili. Alifungua kinywa amwite. Lakini amwite aje achukue nini, na nyumbani hamkuwa hata na karanga za kumrudishia kwenye ungo?

Karibu na jiwe la kusagia punje chache zilikuwa zimemwagika. Alipiga magoti akaziokota moja moja, akapuliza mchanga, akazifumbata. Meshack aliporudi kutoka kazini alimkuta amekaa pale pale, bado amezishika, kwa sababu hakuwa na mahali pa kuzipanda.