Ngoma Niliyopiga Nyuma ya Chemutai

Mjomba wangu alikuwa na mizinga ya nyuki karibu na Chepsaita, na mimi nilikuwa namshikia moshi. Kabla ya kufungua mzinga hakuweka sikio, aliweka kiganja. Anatulia hivi, halafu anasema, "Leo wamekasirika," tunarudi nyumbani. Siku moja nikamcheka, nikafungua mwenyewe, na uso ukafura mpaka mama akanitambua kwa shati. Lakini hiyo ni ya nyuki, na nyinyi mnataka ya kazi. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nilijua vitu kama hivyo tu: moshi, ng'ombe, na ngoma ya kanisa. Ngoma ndiyo ilinipatia kazi.

Ilikuwa miaka ile ya maziwa ya Nyayo, yale serikali iligawia watoto shuleni bure. Shule moja ya watoto viziwi hapa Eldoret ilitaka mtu wa kufyeka nyasi. Siku ya kwanza, hata sijaanza kufyeka, Mwalimu wa Vipimo akatoka mbio, mama mfupi mwenye sauti kubwa.

"Wewe, unajua kupiga ngoma?"

"Najua, madam."

"Basi wacha hizo nyasi."

Kipimo cha masikio kilikuwa hivi. Mtoto anakaa kwa kiti, anachezea vifuniko vya soda, madam yuko mbele yake. Mimi nasimama nyuma. Madam akikuna pua, napiga. Mtoto akigeuka anawekewa tiki: ana masalio ya kusikia, yaani masikio hayajakufa yote. Huyo anapewa mashine, kisanduku cha kufungwa kifuani chenye nyaya za masikioni, anaingia darasa la kuongea. Huko ishara ni marufuku. Asiyegeuka anaenda darasa la mikono, anasoma kwa ishara. Niliipenda hiyo kazi, sitaficha. Majirani wa mtaa wangu, Munyaka, walianza kuniita mwalimu, na mimi sikuwakataza.

Halafu akaletwa Chemutai, kasichana ka miaka sita. Kila nikipiga, anageuka. Akafungwa mashine. Mihula miwili ikaisha, neno hata moja hakuna.

"Huyu anasikia," Mwalimu Mkuu akasema. "Ni kiburi tu."

Kwa hivyo kila asubuhi wenzake wakinywa maziwa, yeye alikuwa amepiga magoti juu ya kokoto, kisanduku kifuani.

Kila mwezi tulimpima tena, na mimi ndiye niliona kwanza. Alikuwa anageuka kabla fimbo haijafika kwa ngozi ya ngoma. Nikasema ni sakafu. Kiziwi husikia kwa miguu, hata asubuhi tuliwaamsha kwa kukanyaga mbao za bweni. Nikavua viatu. Tukahamia kwa simiti. Nikafunga dirisha kivuli kisimfikie, nikamwomba madam asikune pua. Akageuka tu.

Siku nyingine nikainua mkono bila nia ya kupiga. Hakugeuka. Nikaweka mikono mfukoni, nikaamua moyoni tu: sasa. Akageuka. Ngoma hakuiangalia. Aliniangalia mimi, pole pole, na uso wake ulikuwa wa mtu mzima. Nywele za mikono zikanisimama.

"Madam," nikasema, "huyu hasikii ngoma. Ananisikia mimi."

Akacheka. "Umeanza uganga? Piga ngoma, masomo niachie."

Baadaye nilifanya kazi nyingine, kwa mashine ya kukata mbao, kisha shamba, mpaka magoti yakakataa. Sasa niko nyumbani naota jua, na nasikia kwamba siku hizi madaktari wanapasua wanaweka waya ndani ya sikio kabisa, na bado mtoto lazima afundishwe ile kelele ni nini. Ni vizuri. Lakini nyinyi vijana mnaofanya hiyo kazi, mtoto akigeuka, ulizeni amegeukia nini. Sisi tuliweka tiki.

Turudi kwa Chemutai. Siku moja Mkaguzi wa shule akaja, mchana, na jua lake. Kipimo cha Chemutai kikafanywa nje kwa nyasi. Mwalimu Mkuu akamwambia, "Akigeuka leo, atabaki darasa la kuongea mpaka amalize shule." Mimi nikahesabu yale magoti juu ya kokoto, miaka na miaka.

Nikajaribu kupiga bila kutaka. Nikafikiria ng'ombe, nikafikiria mvua. Akageuka. Tiki. Nikafunga macho. Akageuka. Tiki. Hapo nikaelewa: mradi niko nyuma yake, atageuka.

Nikampa Mkaguzi fimbo. "Bwana, piga wewe."

"Na wewe unaenda wapi?"

"Choo."

Nikapita choo, nikaelekea geti. Nyuma yangu ngoma ikalia, moja, kwa nguvu. Ikalia tena, na tena, mpaka ndege wakatoka kwa paa.

"Hageuki," sauti ya Mkaguzi ikasema. "Mwalimu, huyu mtoto hasikii chochote! Mfungueni hiyo mashine, apelekwe darasa la mikono leo hii."

Ngoma ikanyamaza. Nilikuwa nimefika geti, na kule nyuma kumetulia kabisa, ndipo shingo yangu ikawa baridi, kama mtu ameweka kiganja bila kugusa. Nilijua ni nani. Sikugeuka. Nikashika barabara ya Munyaka, na koti langu nililoacha pale shuleni mpaka leo sijalirudia.