Taratibu, dereva wa wagonjwa wa figo aliyepewa siku nane kuamua

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwanamke mwenye koti la mvua anapiga goti kando ya gari dogo jeupe la abiria saba na kuvuta kipande cha boksi kutoka uvunguni. Anakigeuza kwenye mwanga wa taa ya mlangoni. Kuna tone moja la mafuta, jeusi, ukubwa wa kifungo cha shati.

"Jana lilikuwa hilohilo moja," anasema, kama anayejibembeleza. "Yakiwa mawili, sitoki."

Anawasha injini, kisha hapandi. Anasimama nje, mkono juu ya boneti, kichwa kimeinama upande. Anasikiliza kwa dakika tano nzima. Mumewe, fundi cherehani, anamtazama kupitia dirisha la jikoni. Amekwisha kuzoea.

Abiria wake humwita Taratibu. Jina hilo alipewa kwa sababu hukaribia kila tuta la barabarani kana kwamba kuna mtoto amelala juu yake. Ana miaka arobaini na minne na mabinti wawili. Ameshika usukani kwa miaka kumi na mmoja, na sita kati ya hiyo amekuwa akibeba watu wa aina moja tu: wagonjwa wa figo wanaokwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine.

Wanakwenda mara tatu kwa wiki, na kila mmoja hukaa kwenye mashine saa nne. Hakuna likizo. Anayekosa zamu hujaa maji mwilini, na maji hayo yakifika kwenye mapafu, pumzi huanza kuhesabika.

"Abiria wa kawaida ukimchelewesha anakutukana," anasema. "Wangu nikimchelewesha anavimba."

Hofu yake ina tarehe. Ilikuwa Jumatatu moja mwaka jana. Jumatatu ndiyo siku mbaya kuliko zote, kwa kuwa wagonjwa huwa wamekaa siku mbili bila mashine. Gari lake la zamani lilikuwa linapanda mlima likiwa na watu watatu, giaboksi ikalia kama bati linalokatwa, kisha kimya. Injini ilikuwa inanguruma, lakini magurudumu hayakusogea.

Walikaa pale kwa saa tatu na nusu. Alipiga simu kila alikojua. Nyuma yake, mwanamke wa miaka sabini ambaye wenzake humwita Bibi Blanketi, kwa kuwa husikia baridi hata jua likiwaka, alianza kuvuta pumzi kwa mdomo.

"Aliniambia, 'Mwanangu, nifungulie dirisha.' Nikamwambia yote yako wazi, bibi. Akaniambia tena, 'Nifungulie dirisha.'" Taratibu anachukua kitambaa. Anafuta kioo cha pembeni ambacho hakina vumbi.

Lori lililobeba mifuko ya saruji ndilo lililowaokoa. Bibi Blanketi alilazwa siku tisa. Alipotoka, ndugu zake walitaka kumtafutia dereva mwingine. Akakataa, akisema Taratibu hakulivunja lile gari kwa nyundo. Lakini msamaha wa bibi haukumtibu dereva.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," anasema mumewe. "Mimi nikiangusha mkasi ukumbini, yeye jikoni anauliza, 'Nini hiyo? Nini hiyo?'"

Gari la zamani liliuzwa kama chuma chakavu. Kwa akiba yao na fedha za cherehani moja iliyouzwa, walinunua hili jeupe kutoka yadi ya magari yaliyotumika. Lina miaka kumi na miwili. Kisheria yadi iliwajibika kwa hitilafu kubwa kwa siku thelathini tu baada ya mauzo. Siku ya ishirini na mbili, simu ikaita.

Muuzaji wa yadi alikuwa na sauti ya upole. Alimjulia hali, akaulizia watoto, kisha akamweleza juu ya dhamana ya nyongeza: miaka miwili, injini na giaboksi, ukiharibikiwa unapiga simu tu. Bei yake ilikuwa sawa na mapato yake ya wiki saba. Na ilibidi alipe kabla ya siku ya thelathini.

"Akaniambia, 'Dada, giaboksi za aina hii nazijua mimi. Baada ya siku thelathini ni wewe na Mungu wako.' Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliiweka chini, nikazima jiko."

Usiku huohuo walijadiliana. Mume alitaka walipe. Si kwa sababu ya gari, anasema, bali kwa sababu ya mke. "Nilijua hawezi kuvuka Jumatatu nyingine kama ile. Nikamwambia tukope, tule mboga, tulipe."

Fundi wa gari wa mtaani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alikuwa na maoni mengine. "Anayekutisha na mvua ndiye huyohuyo anayeuza miavuli," alimwambia. "Kaombe karatasi yenyewe uisome. Maneno ya simu hayana muhuri."

Siku ya ishirini na tano alikwenda yadi kuiomba. Muuzaji alisema mkataba hutolewa baada ya malipo. Taratibu, ambaye kwa kawaida huomba radhi hata akikanyagwa yeye, alikaa kwenye kiti cha plastiki na kusema atasubiri. Alisubiri saa moja na nusu. Walipoona haondoki, wakampa: kurasa kumi na moja, herufi ndogo kama mchanga.

Hakuelewa hata nusu yake. Kesho yake akaenda nazo hospitali.

Mmoja wa abiria wake ni karani mstaafu wa mahakama, mtu mrefu, mkavu, mwenye mzaha wa chini kwa chini. Wenzake humwita Karani tu. Siku hiyo alikuwa amelala kwenye kiti cha mashine, mkono wa kushoto umefungwa mirija, damu yake inazunguka nje ya mwili wake. Taratibu alikaa kando akimgeuzia kurasa.

"Tuna saa nne," Karani alimwambia. "Mimi sina pa kukimbilia."

Walisoma neno kwa neno. Katika ukurasa wa pili, matengenezo yote lazima yafanywe katika karakana ya yadi. Ukurasa wa tano ulisema giaboksi imo, ila si uchakavu wa kawaida. Karani akauliza ni nani atakayeamua uchakavu upi ni wa kawaida, akajijibu mwenyewe: yadi. Wakafika ukurasa wa tisa. Akaomba miwani yake isukumwe juu, kisha akasoma kwa sauti:

"'Dhamana hii haitahusu gari lolote linalobeba watu kwa malipo.'"

"Sasa mimi?" Taratibu aliuliza.

"Wewe hapa haumo, binti yangu. Hukuwamo tangu ukurasa wa kwanza. Ni vile tu wamekuficha ukurasa wa tisa."

Alitoka hadi kwenye veranda ya hospitali, akampigia muuzaji. Muuzaji hakushtuka hata kidogo. Alimwambia fomu ina sehemu ya matumizi ya gari, aandike "familia". Nani atakuja kuchungulia?

Aliporudi na jibu hilo, Karani alicheka mpaka muuguzi akamtuliza kwa ajili ya mirija. "Atakayechungulia ni yeye mwenyewe," alisema. "Siku utakayokuja kudai."

Hapa, katika hadithi nyingine, mtu angeichana karatasi. Taratibu hakuichana. Anataka jambo hili liandikwe kama lilivyokuwa.

"Niliijaza," anasema, macho yakiwa chini. "Usiipambe hadithi yangu. Nilikaa mezani nikaandika 'familia'. Nilijua ni uongo. Lakini nikifumba macho nasikia 'nifungulie dirisha'. Mtu mwenye hofu haangalii kamba ni ya nani, anashika tu."

Siku ya ishirini na nane akaingia yadi na bahasha ya fedha kwenye mkoba na fomu mkononi. Muuzaji alimkaribisha kwa soda. Akatoa risiti na kalamu. Ndipo Taratibu akauliza swali ambalo, anasema, hakulipanga.

"Nikiharibikiwa njiani, nikiwa na wagonjwa ndani, nifanyeje?"

"Washushe kwanza, dada," muuzaji alijibu huku akiandika. "Mwenzetu akifika akute gari tupu. Ukisema ulikuwa peke yako, hakuna shida."

Taratibu anasema alimwona Bibi Blanketi na blanketi lake, amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, anafichwa kama mzigo wa magendo ili gari lipate fundi. Akaichukua fomu mezani. Muuzaji akamuuliza kuna nini. Taratibu akaitia kwenye mkoba. Akatoka.

"Usifikiri niliondoka jasiri. Nililia kwenye gari. Nilikuwa nimeitupa kinga ya pekee niliyoonyeshwa, na bado siku mbili."

Alikwenda moja kwa moja kwa fundi mwenye miwani ya waya na kumwomba alifungue gari lote asubuhi ileile, siku thelathini za yadi zikiwa bado hazijaisha. Fundi alimwaga mafuta ya giaboksi kwenye beseni, akatumbukiza sumaku iliyofungwa kwenye kamba na kuivuta. Ilitoka na ndevu za unga wa chuma.

"Moyo ulinitoka," anasema Taratibu. "Kumbe nilipokuwa nasikiliza kila asubuhi, sikuwa kichaa. Kitu kilikuwa kinasagika kweli."

Fundi aliandika alichokiona kwenye karatasi, akaweka tarehe na sahihi. Siku ya ishirini na tisa Taratibu alirudi yadi, safari hii na Karani, aliyekuja na mkongojo na tai. Muuzaji alisema unga wa chuma ni kawaida. Karani akamwomba aliandike hilo kwa mkono wake na kutia sahihi, ili wote wakumbuke vizuri baadaye. Muuzaji hakuandika. Akaingia ofisi ya ndani, akakaa huko kitambo, akarudi akisema gari liachwe hapo litengenezwe.

Lilikaa siku sita. Yadi ilibadilisha beringi mbili za giaboksi na kumpa barua inayosema hivyo. Katika siku hizo alikodi gari la jirani ili wagonjwa wasikose zamu, na gharama hiyo yadi ilikataa kuirudisha. Fundi alipolikagua tena, alisema sasa lina afya. Taratibu akamuuliza: kwa muda gani? Fundi akavua miwani. "Mwaka, miwili. Nisiape."

Hilo "nisiape" ndilo analolala nalo sasa. Hana dhamana yoyote. Sehemu ya fedha alizookoa kwa kutolipa dhamana imenunua mafuta mapya, mkanda wa injini na rejeta ya kupozea injini. Iliyobaki iko benki, haiguswi hata kwa ada ya shule.

Lakini kuna jambo moja zaidi alilofanya, na kwa mtu mwoga kama anavyojiita, lilimgharimu kuliko fedha. Alimfuata mpinzani wake. Ni dereva mwenye gari la kijani anayebeba wagonjwa kwenda hospitali hiyohiyo, mwanamume ambaye kwa miaka minne walikuwa wakipishana getini bila hata salamu, kila mmoja akimshuku mwenzake kumwibia abiria.

"Nilimwambia, 'Kaka, wewe hujawahi kukwama na mgonjwa?' Nilidhani atanicheka. Akaniambia amekwama mara mbili, na ya pili hawezi kuisimulia."

Walipeana namba pale pale. Mapatano yao hayana ukurasa hata mmoja: anayekwama anapiga simu, mwenzake akishashusha wake anarudi kuwachukua waliokwama, bila malipo. Wiki mbili zilizopita, simu ya Taratibu iliita saa moja asubuhi. Gari la kijani lilikuwa limepasuka bomba la maji ya injini karibu na soko. Taratibu, aliyekuwa amekwisha kushusha wake, aligeuza na kuwachukua wagonjwa wawili. Walichelewa dakika arobaini. Hakuna aliyelazwa.

"Niliogopa njia nzima," anakiri. "Lakini safari hii kuna mtu alikuwa anasubiri, na anayekuja ni mimi."

Sasa anataka kuongeza madereva. Amegundua kuna magari matano, pamoja na lake, yanayoleta wagonjwa wa figo hospitali hiyo, kila moja likiwa na hofu yake ya pekee. Muuguzi mkuu amekubali wakutane Jumamosi kwenye chumba cha kusubiria. Mpango wake ni orodha moja ya namba itakayobandikwa ukutani na ndani ya kila gari, na baadaye mfuko wa kukodi gari la akiba kwa siku za Jumatatu.

Atalazimika kusimama na kuzungumza mbele ya wanaume wanne. Ameandika maneno yake kwenye daftari la binti yake, kurasa mbili. Anayasoma kwa midomo tu anaposubiri nje kwa Bibi Blanketi, ambaye leo amechelewa kutoka.

"Na wakikataa?" anaulizwa.

Anafunga daftari. Mlango wa nyumba unafunguka, na bibi anatoka polepole, akishikilia ukuta. Taratibu anashuka kwenda kumpokea mkono.

"Wakikataa, Jumatatu nitawauliza tena. Mmoja mmoja, getini."