Ukulele Iliyopakwa Chai

Shangazi yangu ana muhuri wake mwenyewe. Ule wa ofisini aliurudisha siku aliyostaafu, akasaini kwamba ameurudisha, kisha akadai nakala ya alichosaini. Huu wa sasa aliuchongesha kwa pesa yake: wa duara, jina lake pembeni, na katikati neno IMEKAGULIWA. Mtaani wanamwita Mama Muhuri. Anasema hapendi, lakini ukimwita hivyo anaitika haraka kuliko ukimwita kwa jina lake.

Anachokagua ni ukulele. Usicheke. Mimi nilicheka mwaka mzima, nikaishia kuwa msaidizi wake. Ukulele ni lile gitaa dogo la nyuzi nne ambalo mtu mzima akilishika anaonekana kama amemnyang'anya mtoto. Kumbe ziko za zamani, za miaka mia na ushei, na kuna watu wanaozitafuta kama wengine wanavyotafuta viwanja. Watu hao wanataka kujua mambo matatu: nani aliitengeneza, lini, na leo ina thamani gani. Shangazi ndiye anayewaambia, kwa maandishi, na muhuri juu yake.

Nusu ya ujuzi huo aliutoa masijala, alikokaa miaka ishirini na sita akikagua mihuri na saini za watu. Karatasi ya kughushi alikuwa anaitambua kabla hajavaa miwani. Nusu nyingine alifundishwa na mumewe, ambaye sote tulimwita Fundi, hata yeye mkewe. Fundi alikuwa seremala wa samani, lakini mapenzi yake yalikuwa vyombo vya nyuzi. Alimwonyesha mkewe dalili moja baada ya nyingine. Pima uzito kwanza, za zamani ni nyepesi kuliko unavyotarajia. Tazama vigingi vya kukazia nyuzi: vya mbao tupu visivyo na chuma vinatangulia vya skrubu. Skrubu yenye alama ya nyota kichwani ukiikuta, jua imekuja baadaye. Tazama vile vijiti vya shaba shingoni, kama vinaishia pale shingo inapokutana na mwili. Na ndani, tafuta lebo, au alama ya gundi mahali lebo ilipokuwa.

Fundi alifariki miaka minne iliyopita, nikahamia kwa Shangazi ili asikae peke yake. Chumba cha mbele ndiyo ofisi. Kuna meza yenye blanketi la kijivu, mizani ya jikoni, tochi, kikuza maandishi, na kioo cha daktari wa meno cha kuchungulia ndani ya tundu. Kila ukulele inafunguliwa jalada lake lenye namba, kana kwamba ni kesi ya ardhi. Ukutani kuna bango: HAPA TUNAPIMA. HATUNUNUI. HATUUZI. Mpimaji anayenunua, alisema, siku moja ataiona nzuri kuwa mbaya.

Shangazi ni mtu wa wasiwasi. Kufuli anaijaribu mara tatu, gesi mara mbili, na akishuka ngazi anarudi kuhakikisha kwamba mimi nipo. Kwa hiyo wiki ile aliponuna na kutembea huku na huko, nilidhani ni yale yale. Nilikosea.

Jumatatu alikuja mwalimu wa udereva, bwana wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye mazoea ya kukanyaga breki hewani kila jambo likimshtua. Alikuwa na ukulele ya marehemu baba yake imefungwa ndani ya taulo.

"Mama, nimepata mnunuzi," alisema. "Lakini anataka karatasi yako."

"Baba aliipata wapi?"

"Aliuziwa na seremala mmoja. Baba akamuuliza ni ya nani, yule seremala akasema mwenyewe amehama, hatarudi. Ndiyo hayo tu ninayoyajua."

Shangazi akaandika kwenye jalada: Mmiliki wa kwanza alihama. Kisha akaanza kazi. Uzito, sawa. Vigingi, vya mbao. Vijiti vya shaba vilikuwa kumi na viwili, vimeishia panapostahili. Ndani kulikuwa na alama ya gundi yenye umbo la lebo. Mbao zilikuwa zimekolea rangi vizuri, kama uso wa mtu aliyeishi maisha yake nje. Sijawahi kumwona akifurahi vile. Aliandika kwamba ina miaka mia moja hivi, akataja thamani iliyomfanya mwalimu akanyage breki mara mbili, akagonga muhuri.

Mwalimu hata hakuinuka kitini. Aliipiga picha ile karatasi, akamtumia mnunuzi hapo hapo.

"Kitu kimoja, mama. Uisafishe, nitaifuata Alhamisi. Ila nyuzi usiziguse. Ndizo alizoacha marehemu baba."

Alasiri hiyo nilikuwa jikoni nachemsha maji. Shangazi akaingia ameshika kitambaa cheupe alichofutia vumbi ndani ya ukulele, kitambaa chenye unyevu kidogo. Kilikuwa na doa la kahawia. Akakinusa. Akatazama birika, akakinusa tena.

"Chai," alisema.

"Bado haijaiva, Shangazi."

"Sisemi hiyo." Akakaa kwenye stuli. "Imepakwa chai."

Nikaelewa. Fundi alipotengeneza mguu mpya wa kiti cha zamani, alikuwa anaupaka chai nzito isiyo na sukari, safu juu ya safu, mpaka mbao mpya ifanane na wenzake. Nyumba nzima ilinuka majani. Hakuna fundi mwingine niliyemjua aliyefanya hivyo.

Shangazi hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, "Seremala mmoja." Na baada ya muda: "Dalili zote zilikuwepo kwa sababu dalili zote alikuwa anazijua yeye. Aliyenifundisha ndiye aliyetunga mtihani."

Hapo ndipo wasiwasi wa kweli ulipoanza, wake na wangu. Kwamba karatasi yenye muhuri wake ilikuwa ya uongo na imeshatumwa, hilo lilimuuma, lakini angeweza kulisahihisha. Kilichomnyima usingizi ni kingine. Fundi, mume wa miaka thelathini na tisa, alikuwa ametengeneza kitu kipya, akakizeesha, akagundisha lebo na kuing'oa, kisha akamwuzia mtu kwa hadithi ya mwenyewe aliyehama? Mmiliki wa kubuni ndiyo hila ya kwanza ya mghushi. Shangazi aliijua tangu masijala. Hati zote alizowahi kuzikataa zilikuwa na bwana fulani aliyehama.

Kulikuwa na njia moja ya kujua. Kila alichokitengeneza, Fundi alikiandika kwa penseli mahali pasipoonekana: chini ya droo, nyuma ya kabati, ndani ya mguu wa kitanda. Aliandika mwaka na anayemtengenezea. Kama ukulele ile ilikuwa na penseli, ilikuwa kazi halali. Kama haikuwa nayo, basi aliificha makusudi. Na penseli, kama ipo, ingekuwa juu kabisa, chini ya ubao wa uso karibu na shingo, na kioo hakifiki huko mpaka nyuzi zilegezwe.

"Legeza basi, angalia," nilimwambia Jumanne. "Utafunga tena. Nani atajua?"

Alinikata jicho. "Mwenyewe amesema nyuzi zisiguswe."

"Mpigie simu, muombe."

"Nimwambie nini? Kwamba namtafuta mume wangu humo ndani?"

Alimpigia mwishowe, akamwambia aje mapema Alhamisi, ana swali moja dogo. Siku mbili zile tuliishi roho juu. Alipika akasahau chumvi, akapika tena akatia mara mbili. Alifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Ukulele ilikaa kwenye blanketi, na Shangazi akawa anapita mbali nayo kama mtu anayemkwepa jirani waliyegombana naye. Nilitamani kuipasua kwa kisu cha mkate tumalize.

Jumatano jioni akasema neno lililonitoa jasho.

"Mwaka ule niliokuja kukaa kwenu. Unaukumbuka?"

Ningeusahauje? Nilikuwa na miaka minane. Shangazi alikuja nyumbani kwa baba yangu, kaka yake, na masanduku mawili, akakaa miezi minne. Wakubwa hawakutuambia kitu, lakini kuta za nyumba yetu zilikuwa nyembamba. Fundi alikuwa anachelewa karakana kila jioni. Akiulizwa, anasema kazi. Kazi gani? Hasemi. Shangazi akahesabu moja na moja, akapata mwanamke. Kila Jumapili Fundi alikuja akakaa kwenye kizingiti chetu na kofia mapajani, haingii, haondoki. Mwezi wa nne Shangazi alitoka na masanduku yake, wakaondoka pamoja. Kwa ninavyojua, hawakulizungumza tena hata siku moja.

"Alikuwa anarudi ananuka chai," Shangazi alisema. "Mwaka ule. Habari ya kupaka mbao nilikuwa sijaijua bado, nilidhani wanakunywa pamoja, yeye na huyo mtu wake."

Kwa hiyo ndivyo lilivyokuwa sasa. Ama palikuwa na mwanamke, ama jioni zile za karakana zilikuwa za ulaghai, na Shangazi alikuwa anasubiri kioo kimwambie ni kipi. Nilimchukia Fundi kwa dakika nzima, kisha nikamkumbuka kwenye kile kizingiti, nikashindwa kuendelea.

Alhamisi mwalimu alifika saa mbili asubuhi. Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la kazini, lile la kijani la siku za masijala. Alijikaza kisabuni, akamwambia yote bila kuzunguka: kwamba karatasi aliyompa huenda ni batili, kwamba ukulele inaweza kuwa kazi ya seremala wa juzi juzi, na kwamba anaomba ruhusa ya kulegeza nyuzi. Kwamba seremala huyo ni nani, hakusema.

Mwalimu alikanyaga breki. "Mama, mnunuzi ameshakubali."

"Najua."

"Na ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi."

Aliitazama ukulele muda mrefu. Nikamwona anapiga hesabu, simlaumu. Kisha akazungusha vigingi mwenyewe, kimoja kimoja, kwa upole, nyuzi za baba yake zikalegea.

Shangazi akaingiza kioo. Mwalimu akashika tochi. Kioo kikawa kinagonga mbao tik tik tik. Akakishika kwa mikono miwili. Akakisukuma juu, kuelekea shingo.

Akasimama hapo hapo.

Mtu aliyefanya kazi na mihuri anasoma maandishi yaliyogeuka kama sisi tunavyosoma yaliyonyooka. Nilimtazama usoni akisoma. Macho yalikwenda upande mmoja, yakarudi, yakaenda tena. 

"Shangazi? Kuna nini?"

 Mwalimu akainama, akasema yeye anaona mikwaruzo tu. Akatoa simu, akapiga picha kile kioo, akaigeuza kwa kidole, akaikuza. Akasoma kwa sauti, mwaka kwanza. Ulikuwa mwaka ule. Halafu maneno:

"Si ya zamani. Namtengenezea mke wangu, anazipenda za zamani. Mshangao."

Nilikaa chini. Shangazi kweli alikuwa anazipenda. Wakati ule hakuwa mpimaji wa kitu chochote, alikuwa karani anayesimama nje ya dirisha la duka na kusema hataimiliki ya zamani maishani mwake. Fundi alikuwa amesimama pembeni yake akisikia.

Mwalimu hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa bado anatazama simu, amenyong'onyea kidogo kwa pesa zilizopotea, na pia anatabasamu.

"Kumbe fundi mwenyewe alikuwa mkweli," alisema. "Na huyo mke, sijui aliishia wapi. Ndiye aliyehama, nini?"

"Alihama," Shangazi alisema. "Ndiye aliyeshika kioo."

Mguu wa mwalimu ukakanyaga sakafu, ukabaki hapo hapo.  Nje mtu alikuwa anaburuta mtungi wa gesi, tukamsikia mpaka akatokomea.

Shangazi akachomoa kioo, akakifuta, akakirudisha kwenye ala yake. Akavuta ile karatasi ya Jumatatu, akaandika BATILI kutoka kona hadi kona. Akaandika mpya: umri, miaka thelathini na moja; mtengenezaji, akajaza jina kamili la Fundi, jina ambalo sikuwa nimeliona limeandikwa tangu mazishi. Kwenye thamani akaandika kiasi kidogo cha haki, akagonga muhuri. Machozi yalikuwa yanamtoka muda wote huo, anayafuta kwa kiganja na kuendelea kuandika.

Mwalimu aliichukua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Ukulele akaisukuma juu ya blanketi mpaka ikagusa mkono wa Shangazi.

Shangazi akaonyesha bango ukutani. "Hapa hatununui."

"Kwani nimetaja bei, mama?" Akaanza kuzichomoa nyuzi, akazizungusha kidoleni. "Za baba nitakwenda nazo. Zako utafunga."

Alipoondoka, Shangazi hakuigusa. Nilidhani ataikumbatia, ningekuwa mimi ningeikumbatia. Yeye alifungua jalada kwanza, maana kazi ni kazi, akatafuta ule mstari alioandika Jumatatu: Mmiliki wa kwanza alihama. Hakuukata. Aliandika chini yake, kwa penseli, neno moja.

Alirudi.